Mpinzani Wangu Kwenye Ukungu wa Mufindi

Studio yangu iko Ilomba, hapa Mbeya, na ya mpinzani wangu iko ng'ambo ya barabara. Kwa miaka saba tuligombania wateja walewale wa picha za pasipoti, mahafali na harusi. Yeye ni mwanamke aliyenizidi umri kidogo, Mwislamu ambaye wazazi wake walihamia huku kutoka Tanga. Mimi nilimwona ni mpiga picha wa kitchen party tu, zile sherehe za kina mama kabla ya harusi. Niliwahi hata kumwambia mteja hivyo, na hadi leo naona aibu.

Juni ya mwaka juzi tuliitwa sote wawili Mufindi, mkoani Iringa, kwenye nyumba ya wageni iliyo juu ya ziwa dogo katikati ya mashamba ya chai. Mwenye nyumba, mama mmoja mwalimu mstaafu, alitaka picha mbili kubwa za kutundika kwenye ukumbi wa kulia chakula: ziwa na ukungu wake jua linapochomoza, na ziwa hilohilo jua linapozama. Alitupa vyumba kwa siku tatu.

"Kila mmoja apige anavyojua," alisema. "Mimi nitachagua zitakazonipendeza."

Asubuhi ya kwanza nilifika ziwani kabla hapajapambazuka. Baridi ilikuwa ya kuuma masikio. Ukungu ulikuwa umefunika kila kitu, maji sikuyaona kabisa, niliyasikia tu yakigusa majani. Nilianza kupiga. Nilipiga ukungu, nikapiga majani yenye umande, nikapiga ukungu tena. Mwenzangu alikuja baadaye, akiwa ametoka kuswali, amejitanda shali nene juu ya koti. Aligeuza kreti la soda, akakaa. Kamera hakuigusa. Saa nzima alikuwa anaangalia tu, na mimi nikajisemea moyoni: huyu kashindwa mapema. Nilipofungua picha zangu kwenye kompyuta, zilikuwa nyeupe zote, kama nimepiga shuka.

Asubuhi ya pili nilizidiwa na baridi, nikakimbilia jikoni kuota moto, kamera ikiwa shingoni. Wapishi walikuwa wanachemsha maji kwenye masufuria makubwa. Sijamaliza hata kikombe cha chai nikasikia mtu anapiga kelele nje kwamba ziwa linaonekana. Nilitoka mbio, nikaweka jicho, nikaona weupe. Ule mvuke wa jikoni ulikuwa umeganda kwenye lenzi iliyotoka kwenye baridi. Nilifuta, ukarudi. Nilifuta tena, nikaishia kupaka mafuta ya vidole. Ziwa lilikaa wazi kwa dakika chache, kisha ukungu ukashuka tena.

Nilikuwa nimesimama pale kama mjinga mwenzangu alipokuja.

"Imeshika mvuke?" aliuliza.

"Imeshika, dada."

"Usiingie nayo ndani tena. Itundike pale kwenye msumari, chini ya bati, ndani ya mfuko wake. Wewe kaote moto, yenyewe haisikii baridi."

Nilitazama alikoonyesha. Kamera yake ilikuwa inaning'inia hapohapo, na palikuwa na msumari wa pili.

Siku ya tatu aliniamsha yeye, kwa kugonga mlango. Tulishuka pamoja hadi upande ambao sikuwa nimefika, kwenye kijito kinachoingia ziwani, penye daraja la mbao wanalopita wachuma chai.

"Juzi na jana nilikuwa naangalia ukungu unaanzia wapi kufunguka," alisema. "Unaanzia hapa, kwenye kijito. Kisha unaelekea kule kwenye mipaini. Wewe simama hapa penye jiwe, mimi nitakaa kule chini."

"Mbona unaniambia, dada? Si tunashindana?"

Alicheka. "Kwani tukipiga sote wawili ziwa litaisha?"

Jua lilipogusa vilele vya mipaini, ukungu ulianza kuchanika pale pale aliposema. Ulikwenda ukikunjwa polepole, kama shuka inayokunjwa na watu wawili, na chini yake maji yakatokea, meusi kwanza, halafu rangi ya asali. Mama mmoja mwenye kapu mgongoni alikanyaga daraja. Mimi nilikuwa nimebonyeza kitufe bila kuachia. Nilimsikia mwenzangu akipiga mara moja. Akasubiri. Akapiga mara nyingine, akashusha kamera, akabaki anatazama kwa macho yake, anatabasamu.

Jioni nilipanga stendi yangu ya kamera kulielekea jua. Lilikuwa jekundu, zuri, na nilifurahi sana. Nilipogeuka kumwonyesha, nilikuta amelipa jua kisogo. Alikuwa anapiga upande wa pili, kule ambako ukungu ulikuwa unateremka kutoka msituni na kupokea ule mwanga wa mwisho, ukageuka waridi hadi kwenye maji. Wakati wote huo sikuwa nimegeuza shingo hata mara moja.

Baada ya chakula, mwenye nyumba alivaa miwani, akakagua picha zetu mezani. Zangu zilikuwa nyingi na alizipitia kwa heshima. Zake zilikuwa kumi na moja. Alichagua zake, ya asubuhi na ya jioni. Niliumia, siwezi kusema uongo. Lakini nilipoisogelea ile ya jioni, nilijiona mwenyewe ndani yake: kijitu kidogo ufukweni, kimeinamia stendi, na ukungu wa waridi nyuma ya mgongo wangu.

"Huyu ni nani?" mwenye nyumba aliuliza.

"Mwenzangu," alijibu mpinzani wangu. "Tumekuja wote."

Kesho yake tulirudi Mbeya kwa gari moja. Njiani, kutoka Mafinga hadi Makambako, nilikuwa namwonyesha picha zangu, naye ananiambia ukweli. "Hii futa. Hii futa. Hii ya mama na kapu iweke, umemwahi vizuri, ila mguu umeukata." Nilifuta nyingi sana siku ile. Siku hizi harusi kubwa tunazipiga pamoja, na anapokaa kimya bila kuinua kamera, mimi nasogea karibu na kuangalia anakoangalia yeye.