Jiwe Ambalo Sikuliandika

Kwa miaka minne nilikula mshahara wa kusifia mahali ambapo sikuwahi kukanyaga. Ofisi yetu ilikuwa Government Road, orofa ya pili, juu ya duka la vitambaa, na ilishughulika kuwatafutia safari watu wenye nafasi ya kusafiri. Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya sabini. Mimi nilikaa kwenye kaunta, tai shingoni. Kila asubuhi nilitembea kutoka Kangemi nikiwa nimevibeba viatu vyangu vya kazi kwenye mfuko wa karatasi ili visiingie vumbi, nikavivalia pale chini kwenye ngazi, huku nikiangalia nyuma asije mtu akaniona. Hiyo peke yake inatosha kukueleza nilikuwa mtu wa namna gani.

Bosi wetu alikuwa Mzungu mzee aliyezaliwa hapahapa. Alikuwa amechoshwa na wateja waliokwisha kuona kila kitu. Simba wameona, Mombasa wameona, na Mlima Kenya wanauona wakiwa kitandani, hewa ikiwa safi. Akaniagiza nimtengenezee kijitabu cha maajabu ya dunia yasiyojulikana sana. Basi nikawa nashinda maktaba, nikanakili. Niliandika juu ya uwanda wa chumvi huko Bolivia ambao ukipata mvua kidogo unageuka kioo, hata mtu anaonekana anatembea juu ya mawingu. Nikaandika juu ya mapango ya New Zealand ambamo wadudu wadogo wanang'aa juu darini, ukidhani umetoka nje usiku. Nikaandika juu ya kisiwa cha Socotra na miti yake inayotoa utomvu mwekundu ukiichanja, na Dallol kule Ethiopia, ambako ardhi inatokota rangi ya manjano na kijani. Kama kulikuwa na ndege ya kufika huko au hakuna, hilo halikunihusu.

Jioni, Kangemi, niliwasimulia majirani maajabu hayo, na sikusema wazi kwamba nimefika. Sikusema pia kwamba sijafika. Waliniita Bwana Safari, nami nikaitika.

Sasa sikiliza aibu yenyewe. Mimi nilizaliwa mahali ambapo ukisimama mlangoni unaona ajabu kubwa kuliko nusu ya zile nilizonakili. Ni Ilesi, karibu na Kakamega. Kuna nguzo ya mwamba, ndefu kuliko nyumba yoyote niliyoiona kabla ya kuja Nairobi, na juu yake limekaa jiwe lingine kama kichwa juu ya shingo. Pale shingoni maji yanachuruzika mpaka chini, yamechora mfereji mweusi kwenye mwamba. Hata kiangazi, vijito vikiwa vimekonda, jiwe linalia. Watu husema alikuwa msichana aliyekataliwa na baba yake, ndiyo maana hanyamazi.

Chini yake, kando ya barabara, mama yangu aliuza vyungu. Alivifinyanga mwenyewe, kama wanawake wengi wa pale, na mikono yake ilikuwa na udongo kwenye kucha hata siku ya kanisa. Baba alikufa nikiwa mdogo. Vyungu ndivyo vilivyonilipia shule mpaka nikajua Kiingereza cha kunakili mambo ya Bolivia.

Ofisini nilikuwa nimesema mimi ni mtu wa Bungoma, na kwamba marehemu baba alikuwa hedimasta. Kwa nini Bungoma? Kwa sababu tarishi wetu, mzee mmoja wa Maragoli, alipafahamu Kakamega vizuri, nikaogopa ataniuliza mimi ni wa nyumba ya nani. Uongo ukiuanza inabidi uulishe kila siku, na mimi niliulisha vizuri sana.

Wakati nikiandika kile kijitabu, nikapata barua ya mama. Alikuwa amemwomba mwalimu wa Sunday School amwandikie. Ilisema: "Nasikia kazi yako ni kuwaelekeza wageni mahali pazuri. Tuelekezee na sisi, baba. Jiwe lipo, halijaenda popote, na vyungu vimejaa nyumba mpaka nalala navyo." Aliniita baba kama alivyoniita tangu utotoni, kwa sababu nilipewa jina la baba yake.

Niliisoma mara mbili. Nikawaza wateja wetu wakishuka kwenye gari pale, wanaiona nyumba ya udongo, wanamwona mama na lile sweta langu la shule alilokuwa akilivaa bado, wanarudi ofisini kusimulia. Nikaikunja barua. Kijitabu kikatoka kina maajabu kumi na mawili, na la kwetu halimo.

Haikupita muda akaja mama mmoja Mzungu wa Kitisuru, mteja wetu wa siku nyingi. Alikifungua kijitabu, akacheka. Akasema yeye na mumewe wamezeeka, Bolivia ni mbali, je, hapa Kenya hakuna kitu kama hiki ambacho watu hawakijui? Nikamwambia hakuna. Nilijibu haraka mno. Mzee tarishi alikuwa akipita na chai, akasimama.

"Si kuna ile jiwe ya kulia, upande wa Kakamega?" akaniuliza. "Kwani wewe hujawahi kuiona, na unapita hapo ukienda kwenu?"

"Hilo ni jiwe tu limelowa," nikasema. "Na barabara ni mbaya."

Yule mama akatoa kalamu, akaandika jina la mahali. Baada ya wiki mbili alirudi amekumbatia chungu. Nilikitambua kabla hajakiweka kaunta, kwa ule mstari wa alama za kidole gumba shingoni, ambao mama yangu aliupenda. Nikajikausha kama mtu anayesubiri kupimwa suti.

Yule mteja alisimulia kwa furaha, bosi ametoka ofisini kwake kuja kusikiliza. Walilikuta jiwe, wakapiga picha, na mwanamke mmoja muuza vyungu akawajia. Mtoto wa shule akawa mkalimani. Mwanamke akauliza nani amewaelekeza. Wakasema wameelekezwa ofisini Nairobi, mahali panapoelekeza wageni. Basi yule mwanamke akapiga makofi, akawashika mikono, akawapeleka nyumbani kwake. Akachinja kuku. Akawapikia ugali. Firigisi akampa mume wa mteja wetu, naye hakujua ni heshima, akaificha chini ya ugali. Walipotaka kununua chungu, alikataa katakata kupokea hata senti.

"Alisema ana mtoto anayefanya kazi Nairobi na wageni," yule mama akasema. "Alilitaja jina, lakini sikuweza kulishika. Nimeahidi kumpelekea salamu. Ni nani hapa?"

Jina alilolitaja mama yangu lilikuwa la nyumbani. Ofisini nilijulikana kwa la ubatizo.

Bosi akatugeukia na Kiswahili chake cha shambani. "Nani hapa natoka Kakamega?"

Nilikuwa na pumzi tatu au nne za kusema. Nazikumbuka zote. Mzee tarishi aliniangalia, akaangalia chini, akakusanya vikombe. Mimi nikatikisa kichwa pamoja na wengine, halafu nikaongeza, bila kuulizwa, kwamba huenda yule muuza vyungu alichanganya ofisi.

Kwetu humuuzii mgeni wa mwanao. Hata ukiwa huna kitu, utaazima umlishe, na akiondoka hatoki mikono mitupu. Mama aliwaona wale wazee wawili akajua mwanawe amesikia barua yake na amemletea wageni wa kwanza. Bosi hakuyajua hayo, na mimi niliyeyajua niliufyata. Aliona tu kwamba kuna mahali pazuri ambapo wenyeji wanalisha watu bure. Akaniambia niongeze ukurasa. Niliupiga chapa mwenyewe, vidole hivi hivi: jiwe linalolia, mwendo mfupi kutoka Kakamega, wenyeji wakarimu watakukaribisha chakula na zawadi ya chungu. Kuku wa mama yangu niliwauza kwa taipureta.

Tulipeleka makundi matatu kabla ya Krismasi. Kila kundi lilirudi na vyungu na sifa. Niliwakabidhi tiketi zao kwa tabasamu, na kila mara nilijiambia kwamba nikienda nyumbani nitamweleza mama, tutacheka, nitamnunulia kuku wengine.

Desemba nikaenda. Nilifika mchana, na kitu cha kwanza nilichokisikia ni ukimya. Uani kwetu hapakuwa na kuku hata mmoja. Mama alitoka akijifuta udongo kwa kanga, akanishika uso kwa mikono miwili. Ndani palikuwa na viti sita vya mbao nisivyovijua.

"Ni vya kanisa," akaniambia. "Nimeviazima kwa ajili ya wageni wako. Nisingewakalisha chini. Wangesema umetoka kwa watu gani?"

Akanipikia majani ya kunde, akaomba radhi kwamba hakuna nyama. Nilikula nikiwa sijui niweke wapi macho. Alinisimulia wageni wote, mmoja mmoja, yupi alikuwa na mguu mbaya, yupi alilia alipoliona jiwe. Vyungu vilikuwa vimeisha ndani ya nyumba, akasema, na alisema kama jambo zuri. Nikamwuliza kama ameuza chochote. Akaniangalia kama mtu aliyeuliza kitu cha kitoto.

Halafu akaanza kukusanya vyombo.

"Wale wa mwisho," akasema, "niliwauliza habari zako. Wakaniambia waliuliza ofisini, hakuna mtu wa kutoka huku. Hakuna kabisa. Niliwaza sana, baba. Nikaona pengine kazi ile haitaki watu wajue ulikotoka."

Nikaviangalia vile viti vya kanisa.

"Usihangaike," akasema. "Nimeshalirekebisha. Chakula nitawapa, hao ni wageni wako hata kama hujasema. Lakini wakiniuliza, nawaambia sina mtoto Nairobi. Nimekosea?"

Nikamwambia hapana, hajakosea.

Kisha nikamwambia asante. Mama yangu alikuwa tayari kunikana ili nisiaibike, nami nikamshukuru, nikanawa mikono, nikaomba maji ya kunywa.