Jembe Nililoliacha Uvunguni

Umeniuliza, mwanangu, utie nini ndani ya mfuko wa kukimbia vita. Nimeona umeanza na simu, chaja na viatu vya kanisa. Sikucheki. Mimi pia niliwahi kufunga furushi, tena vibaya kuliko weye.

Asubuhi ile siisahau. Nilikuwa bibi-arusi wa mwaka jana tu, kijijini karibu na Iga Barrière, mtoto wangu wa kwanza mgongoni, hata meno hana. Risasi zikasikika ng'ambo ya kilima. Mume wangu alikuwa ametangulia na ng'ombe, kwa hiyo nyumbani tulibaki mimi na mama mkwe. Yeye hakupiga kelele. Alichukua jembe, akaligonga kwenye jiwe mpaka chuma kikachomoka, akanipa.

"Mupini wacha, miti iko kila fasi. Tia hii chuma ndani ya furushi."

Nikasema ndiyo, Mama. Lakini nilikuwa na sahani sita za maua nilizopewa harusini, hata mgeni hajazilia chakula. Chuma kile kilikuwa kizito, kina tope, na mimi nilikuwa naenda Bunia, mjini. Nikajiambia tutarudi kabla ya Jumapili. Nikakisukuma uvunguni mwa kitanda, nikazifunga sahani ndani ya nguo za mtoto. Asiyesikia la mkuu, unajua mwenyewe huvunjika nini.

Tulitembea mpaka Bunia. Mjane mmoja wa kanisa letu alitupokea pembeni ya mji, akatugawia bugali yake na sombe ya majani ya muhogo, Mungu ambariki. Lakini wazee walishasema, mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Siku ya tatu, kwa upole kabisa, akatuonyesha kipande cha shamba nyuma ya nyumba.

"Mvua imefika. Mulime hapa, mutapata maharagwe yenu na ya mutoto. Ila jembe yangu ni moja tu, na mimi nalimia."

Mama mkwe akanigeukia. "Leta chuma."

Nilifungua furushi. Sahani zikatoka moja moja, na maua yake. Mwanangu, nilitamani ardhi inimeze. Maziwa yangu yalikuwa yameanza kupungua kwa njaa, mtoto analia mpaka sauti imekauka, na mvua ya kupanda haimngojei mtu. Mama mkwe alizitazama sahani, akanitazama mimi. Nikangoja matusi, maana nilistahili.

"Iko muzuri," akasema. "Sasa tutapakua nini ndani?"

Alifungua kikwembe, kitenge alichojifunga juu, kile alichonunuliwa na marehemu mume wake, akakikunja. Nilimsihi auze sahani zangu. Akaniambia huko sokoni kila aliyekimbia anauza sahani, hakuna anayeuza jembe. Akaenda na kikwembe chake, akarudi na jembe kuukuu.

Tulilima kwa zamu, mmoja akishika mpini, mwingine anashika mtoto. Maharagwe yakaota, yakaiva, mtoto akanenepa. Mume wangu alipotukuta, akaliona jembe, akamsifu mama yake kwa kulibeba njia yote ile. Mama akasema, "Tulibeba pamoja." Mpaka tunamzika, hakumwambia mwanawe lolote. Hata leo, nikichambua maharagwe, namshukuru Mungu kwa yule mama.

Basi sikia. Viatu vya kanisa toa. Mungu anakujua hata peku. Simu beba, utatafuta watu wako. Karatasi zako na kiberiti vifunge ndani ya plastiki, tia kisu, kamba, sindano na uzi, dawa ya mtoto. Halafu chuma cha kazi yako: kama ni mkulima, jembe bila mpini; kama ni fundi wa nguo, mkasi; kama unatengeneza pikipiki, spana zako. Kila kifaa kiulize: siku ya tatu, nikiwa kwa watu, utanipa kazi gani? Kisichojibu kiache. Na ukimkuta mwenzako amefunga vibaya, mfunike aibu yake, umtafutie jembe.

Mungu auzeeshe mfuko wako nyuma ya mlango, mwanangu. Usiubebe hata siku moja. Na ukiufungua kutoa jembe, iwe tu ni kwa sababu magugu yameota shambani kwako, nawe uko kwenu, unapalilia.