Kompaila Mpya ya Jumamosi

Ipo Jumapili moja, mwanangu, ambayo nikiikumbuka hadi leo naona aibu. Nilikuwa kijana, naandika programu kwa lugha ya C katika ofisi ndogo mjini Migori. Tulikuwa wawili: mimi Ouma, Msabato wa Sindo, na Chacha, Mkatoliki wa Ntimaru. Tulikuwa tunatengeneza kifaa cha kulinda baridi ya tangi la maziwa la wafugaji wa Kehancha, nacho kilitakiwa kufungwa Jumatatu.

Ijumaa niliiacha programu ikipita vizuri. Jumamosi nilishinda kanisani, maana siku hiyo sigusi mashine. Jumapili nilipoifungua, ikanigomea: eti fanksheni yangu, kile kipande cha programu cha kusoma joto, haipatikani. Nami naiona kwa macho yangu, imekaa palepale nilipoiandika. Nikamwuliza mlinzi wa mlangoni nani alikuwa ofisini jana. Nikaambiwa ni Chacha.

Mimi kwa kushuku sijambo, usinicheke. Nilikumbuka jinsi alivyoniomba nenosiri wiki iliyopita. Nikakumbuka alivyonyamaza siku mkubwa wetu aliponisifu mimi. Kila alichowahi kufanya kikawa ushahidi. Kikulacho ki nguoni mwako, nikajiambia, kisha nikampigia mkubwa simu kwamba Chacha ameharibu kazi yangu. Mkubwa naye, kwa hofu ya Jumatatu, hakuchunguza. Alimpigia Chacha akamwambia asirudi tena kazini.

Mchana akafika Mama Atieno, injinia aliyetufundisha kazi sote wawili. Nilimweleza yote nikitarajia pole. Hakunipa. Aliuliza tu kama kompaila nimeichunguza. Kompaila, kwa asiyejua, ndiyo inayogeuza maandishi yetu yawe lugha ya mashine. Alitoa laptopu yake kuukuu, akaipa faili lile lile, likapita. Kwenye mashine ya ofisi likagoma. Hakuna herufi iliyoguswa. Tukaangalia toleo: Chacha alikuwa ameweka kompaila mpya jana yake, basi.

Fanksheni ile nilikuwa nimeiandikia inline, yaani naiomba kompaila iipachike papo hapo inapoitwa. Ile ya zamani ilikuwa pia ikiweka nakala kando, hata bila kuambiwa. Mpya, kwa kanuni za baadaye za lugha, haiweki. Ikiamua kutoipachika, inaitafuta nakala ambayo haipo. Mama Atieno aliongeza neno static mbele ya inline, yaani nakala ikae ndani ya faili hilo hilo, na kompaila zote mbili zikakubali. Kisha akanigeukia.

"Mashine umeiamini bila kuikagua, mtu umemhukumu bila kumwuliza. Hayo siyo niliyokufundisha, Ouma."

Nilimpigia Chacha papo hapo. Aliniacha niombe msamaha hadi mwisho, ndipo akajibu polepole.

"Omera, ndugu yangu, ile chipu ya kifaa haikubali kazi ya kompaila ya zamani. Nilijua Jumamosi ni ya Mungu wako, nikaona nikufanyie."

Nikampigia mkubwa kumweleza ukweli. Mkubwa alimwita arudi, naye akakataa kwa heshima. Maji yakimwagika hayazoleki. Jumatatu nilikifunga kifaa peke yangu, wafugaji wakanishukuru, na kila shukrani iliniuma.

Basi nikuusie, mwanangu. Mimi bado ni mtu wa kushuku, na kazi yetu inataka watu hao. Lakini shuku kwa mpango. Usidhani kompaila mbili zinasoma kwa jicho moja. Andika static inline, taja wazi unafuata kanuni za toleo gani la C, pitisha kazi yako kwenye kompaila zaidi ya moja, na onyo hata dogo usilipuuze. Ushuku mkono wako kabla ya mkono wa mwenzako. Na kabla hujalipeleka jina la mtu kwa mkubwa, mpigie mwenyewe kwanza. Kuuliza si ujinga. Simu yangu ingechukua dakika moja.

Mungu akujalie macho makali kwa kazi na moyo mpole kwa watu. Na siku utakayokosea, maana utakosea, umkute uliyemkosea angali tayari kurudi.