Kufuli la Hawah

Katika mtaa mmoja wa Koboko kuna pampu ya maji yenye kufuli, na ufunguo wake hukaa shingoni mwa Hawah. Wakazi walimchagua mjane huyu aitunze pampu, naye anaitunza kana kwamba kisima alikichimba kwa kijiko chake mwenyewe. Hufungua alfajiri, hufunga jua likizama. Sheria yake ni moja: jerikeni iliyotangulia kufika hutangulia kujazwa. Mwenye jerikeni anaweza kwenda kuwasha moto au kugombana na jirani. Jerikeni itamshikia nafasi, na wenzake wataisogeza mbele kwa mguu. Diwani aliwahi kujaribu kuruka foleni. Alirudi kwake na jerikeni kavu.

Tatizo ni kwamba jerikeni huweza kusimama lakini haiwezi kupampu. Zamu ikifika, lazima mtu awepo, na kila asubuhi watu hao walikuwa wasichana. Wavulana walipita kwenda shule na mashati yaliyopigwa pasi. Swaib, mjukuu wa Hawah, alikuwa akimpungia bibi yake mkono.

Kwenye foleni alikuwamo Poni wa darasa la saba, ambaye familia yake ilikimbia kutoka Sudan Kusini. Mama yake, Natalina, huondoka mapema kwenda kuuza dagaa mjini Arua, hivyo maji ya nyumbani ni kazi ya Poni. Mara nyingi alikuta lango la shule limefungwa. Mwalimu mkuu alikuwa amemwonya: akichelewa tena, atarudishwa darasa la sita.

"Haboba," alimwambia Hawah asubuhi moja, kama watoto wa hapa wanavyowaita bibi zao, "leo nipitishe mbele."

"Nikipitisha wewe, kesho nipitishe nani? Diwani?"

"Basi narudi darasa la sita."

Hawah akageukia barabara. Swaib alikuwa akipita.

"Wewe, Swaib! Maji ya kuoga nani alikuchotea?"

"Ritah."

"Na dada yako iko wapi sasa?"

Swaib akatazama foleni. "Iko hapa."

"Shule yake inaanza baada ya yako?"

Wasichana wakacheka mpaka jerikeni moja ikaanguka.

Hawah hakuwa mtu wa kuvunja sheria yake mwenyewe. Alitazama ng'ambo ya barabara, kwenye baraza la duka, ambako Mzee Okuonzi na wenzake walikuwa tayari wanacheza ludo. Kisha akafunga kufuli.

"Hawah! Unafunga nini? Chai yangu inangoja maji!" Okuonzi akapiga kelele.

"Kila siku jerikeni inashika nafasi ya mutu. Leo mutu atashika nafasi ya jerikeni. Watoto wote, shuleni! Hawa wazee watapampu."

"Mimi? Hii kazi ya wasichana!"

"Pampu iko na mkono ya kike? Kuja unionyeshe."

"Mgongo unauma."

"Utauma namna gani, na umeukalisha tangu asubuhi?"

Wasichana hawakungoja hukumu. Waliacha jerikeni zao na kukimbia, na Poni akapenya langoni kengele ikiwa bado inalia. Okuonzi alivumilia hadi wake wa nyumba zote walipotoka kuuliza maji ya chai yako wapi. Ndipo akavua koti, akaja kupampu, na kufuli likafunguliwa.

Tangu hapo kila asubuhi wazee hupampu, na watoto huenda shule. Swaib naye huja jioni kuwapelekea wasichana jerikeni zilizojaa nyumbani kwao, akipitia njia ya nyuma ili wenzake wasimwone.

Poni bado yuko darasa la saba. Juzi alipita pampuni na karatasi ya mtihani wa hesabu, na Okuonzi akamsimamisha.

"Umepata ngapi?"

"Hamsini na tano, Mzee."

"Hamsini na tano! Mimi navunjika mabega hapa muhula mzima, na wewe unaniletea hamsini na tano?"

"Wewe pampu tu, Mzee," akasema Hawah. "Mwezi jana alipata thelathini."

Okuonzi akashika tena mkono wa pampu. "Poni! Mtihani unaofuata, sabini. La sivyo naenda kukaa darasani mwenyewe, na wewe unakuja hapa."