Jani la Sale la Mama

Kosa langu la mwanzo, baada ya kujisomea Biblia peke yangu hadi nikajiona naijua, lilikuwa kung'oa masale ya mama. Nilikuwa na miaka kumi na tisa. Ni mimea ya majani marefu, ilipandwa mpakani mwa kihamba chetu cha migomba na kahawa huko Masama, na wazee wetu huomba msamaha kwa majani yake. Nikaamua ni upagani. Nikaing'oa mama akiwa sokoni Moshi, kisha nikaipanga pembeni kwa urefu, maana mimi hata nikiharibu lazima niharibu kwa mpangilio.

Jirani yetu, mwimbaji mwenzake mama kwenye kwaya, alikuta mpaka umetoweka. Akadhani tunataka kumega shamba lake. Jumapili hiyo akahama benchi kanisani. Mama aliimba bila kuinua macho.

"Nenda kamwombe radhi," akaniambia.

Nikaanza kuandika barua. Ya kwanza ilionekana najitetea, ya pili nahubiri. Siku ya nne nilikuwa bado narekebisha, mama ananitazama huku akimenya ndizi.

"Unamwandikia askofu?"

"Nataka maneno yawe sahihi, mama."

Akanawa mikono, akatoka. Akarudi na jani la sale kutoka shina moja nililolisahau. Akalifunga fundo, akanipa.

"Mama, sisi ni Wakristo."

"Hili jani aliliumba nani?"

"Mungu."

"Basi lishike, twende."

Mlangoni kwa jirani nilisema shikamoo. Nikanyoosha jani. Kwetu jani hilo likiletwa halikataliwi, lakini yeye alilitazama muda mrefu, nikadhani tumeshampoteza.

"Marahaba, mwinjilisti wa kung'oa majani," akasema, akalipokea. "Kesho uje na jembe."

Tulisali Baba Yetu palepale kizingitini, sisi watatu. Tulipofika kwenye kusamehe makosa, mama alinifinya mkono.

Vijana wenzangu wa kanisani wananiambia hadi leo kwamba mama alichanganya dini. Wananiambia kwa aya. Aya hizo nazijua, nilizisoma peke yangu, na nilichotoka nacho ni kung'oa. Kwamba msamaha unafuatwa kwa miguu, hilo nililipata kwa mama, na siombi radhi kwa hilo. Imani niliyo nayo ni yake. Anayetaka kuirekebisha aanze na mama mwenyewe. Yuko shambani, ana panga mkononi.

Masale yamerudi mpakani. Niliyapanda mimi, mstari umepinda, nimeuacha hivyo. Bado naandika kila kitu upya mara nyingi, hata haya. Ila nikimkosea mtu, sasa naenda kwake siku hiyohiyo, bila karatasi.