Karata Zilizomtazama Mama Mkwe

Mama mkwe alitaka kunitoa kwenye nyumba yangu kwa karata tatu. Usicheke, nusura aweze.

Mume wangu Sabato alipofariki aliniachia vyumba viwili hapa Napoli. Nguo nyeusi sijavua, mama yake, Ersilia, akaanza: nyumba ni ya mwanangu, rudi kwenu.

Huyu mama ndiye mpiga ramli wa mtaa mzima. Namchukia, na bado nilikuwa namwogopa. Siku moja majirani wamejaa jikoni kwangu, akanichokoza mpaka nikaropoka:

"Karata zikisema nihame, nahama!"

Mdomo uliponza kichwa.

Akazitoa hapohapo, karata zake za ramli zenye picha. "Kata kwa mkono wa kushoto, kisirani wewe."

Nikakata. Akalaza ya kwanza: Gari la Vita. Ya pili: Jua. Ya tatu: Ulimwengu. Hakuna ushindi mkubwa kuliko huo. Nikashusha pumzi.

"Unafurahia nini?" akasema. "Zimenitazama mimi. Kwako zimepinduka, kichwa chini miguu juu. Kafungashe."

Karata iliyopinduka ni mkosi, kila mtu anajua.

"Toa ya nne," nikasema.

"Tatu zinatosha."

"Toa, mama!"

"Usinipigie kelele! Umemmaliza mwanangu, sasa unataka kunimaliza na mimi?"

Hapo akanivuruga kabisa. Nikazikwapua, zikamwagika sakafuni.

Jua. Jua. Gari. Ulimwengu. Jua. Gari tena.

Hakukuwa na karata ya kifo, wala ya mnara unaoanguka, zile za mkosi. Pakiti nzima ilikuwa ushindi mtupu, na zote alizipanga zimtazame yeye.

Nunziata, jirani wa chini, akaokota Jua mbili.

"Ersilia, mimi na kaka yangu tuko mahakamani, tunagombea duka la baba. Mimi umeniambia nitashinda. Yeye je?"

Ersilia akainama kuokota karata zake.

"Nakuuliza! Yeye je?"

"Naye pia," Ersilia akasema. "Kwani mlikuja kwangu kuambiwa mtashindwa?"

Nunziata akamtupia zile karata usoni. Mimi nikafungua mlango.

"Shuka taratibu, mama mshindi."

Alinilaani ngazi zote mpaka barabarani. Nyumba bado ninayo, na naandika haya nikiwa jikoni humo humo.

Ndugu zangu, mpiga ramli akikuambia umeshinda, usikimbilie kusherehekea. Kamuulize kwanza adui yako kaambiwa nini.