Koili ya Nne

Edinah Chepngetich, fundi wa magari pale Litein, alikataa kuuza koili ya nne, kile kifaa kinachopeleka umeme kwenye plagi. Tatu alizofunga kwenye pikapu ya Mzee Kiprono, anayepeleka maziwa Sotik, ziliungua zote ndani ya miezi miwili, na zote kwenye silinda ileile.

"Weka ingine tu, nina haraka," mzee alisema.

"Hapana. Na hiyo pia itaungua."

Miaka kumi na minne ameshika spana, na bado kuna wanaume wanaofika gereji wakimuuliza fundi yuko wapi. Kwa hivyo Edinah habahatishi. Alipima nyaya, zilikuwa sawa. Alipofungua plagi ya silinda hiyo, aliikuta ina kutu juu, mahali mvua haifiki.

"Hii gari huharibika siku gani?"

"Jumatatu, nikipanda mlima na mzigo." Mzee akahesabu kwa vidole. "Kila mara ni Jumatatu."

Jumamosi Edinah alichukua boda hadi kwa mzee, bila kualikwa, aone gari hufanyiwa nini kabla ya Jumatatu. Akamkuta amefungua boneti, anapiga injini maji ya presha. Kiprono ni mzee wa kanisa, na pikapu hiyo ndiyo hubeba spika za kwaya kila Jumapili.

Edinah alizima pampu mwenyewe. "Maji yanaingia kwa shimo la plagi, yanakaa humo, yanaua koili."

"Fundi, siwezi kupeleka gari chafu kanisani!"

"Osha bodi, osha matairi, osha hadi chini. Lakini niambie, mzee: pale kanisani, ni nani hufungua boneti?"